Daktari Aliyeuliza Upya

Leso yenye maneno ya subira hakuinunua hata siku moja. Alikuwa akisimama mbele ya duka la leso lililo nyuma ya cherehani yangu, pale Biashara Street ninapopiga pindo, anashika leso, anaigeuza, anayasoma maneno yaliyopigwa chapa chini kwa sauti ya mtu asomaye kesi mahakamani. Yakiwa ya mapenzi, anacheka. Yakiwa ya kumrushia jirani kijembe, anainunua. Yakiwa ya kumwambia mtu avumilie, anairudisha mezani.

"Hii mpe mwenyewe, Fundi. Wagonjwa wangu wamevumilia vya kutosha."

Mimi leso siuzi, nashona tu, lakini aliyelaumiwa kila mara alikuwa ni mimi.

Namwita Daktari kwa sababu ndivyo tulivyomwita sote. Jina lake lajulikana, na ukoo wake wajulikana zaidi, lakini hapa Mji wa Kale, Mombasa, ukishaanza kutaja ukoo wa mtu hutoki. Utafika Hadhramaut na kurudi kabla hujasema mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani. Basi hayo nimeyaruka. Mimi shule niliiacha mapema, na kalamu yangu ni ya kujiandikia mambo ya siku nisije nikayasahau. Sina hakika kama mtu kama mimi afaa kumchora mtu kama yule. Nitaandika nililoliona, na nisiloliona nitasema sikuliona.

Kazi yake ilikuwa saratani. Alitibu, lakini zaidi alichunguza. Swali lake lilikuwa moja, nami nililielewa hata kwa elimu yangu hii: mtu ambaye saratani yake haiponi tena, akiwa nyumbani kwake, kitandani kwake, anaumwa kiasi gani? Na vipi ataondolewa maumivu hayo bila ya kuondolewa nyumbani? Alitaka kuwe na ushahidi ambao wakubwa hawataweza kuupinga, ili dawa ya maumivu itoke hospitalini ipande ngazi za nyumba zetu. Hilo ndilo alilokuwa akilifukuzia miaka yote niliyomjua. Mengine yote kwake yalikuwa ya kando.

Alitembea katikati ya njia. Vichochoro vyetu ni vyembamba, tuktuk na mkokoteni havipishani, lakini yeye hakusogea. Tuktuk ikipiga honi aliinua mwavuli wake kama askari wa barabarani. Mwavuli ule haukufunguliwa kwa jua wala kwa mvua. Ulikuwa wa kubishia milango, wa kujishikia ngazini, na wa kumnyoshea mtu akimgombeza. Kila nyumba aliyoingia aliusahau, na kila nyumba alirudi kuufuata akinung'unika kana kwamba wenyeji ndio waliouficha. Mfukoni alikuwa na iliki. Akitoka kwa mgonjwa hutia moja mdomoni. Kupika hakujua. Kushukuru pia hakujua: ukimfanyia jambo alisema "Haya," basi, yamekwisha.

Niseme na hili, maana nikiandika mazuri tu nitakuwa namdhulumu. Alikuwa na hasira za karibu, na aliyezipata zaidi ni nesi wake, mwanamke wa upande wa Kaloleni, Mkristo, anayekaa Buxton, ambaye ndiye aliyebeba mkoba wa dawa nyumba kwa nyumba. Niliwahi kumsikia Daktari akimgombeza mbele ya watu kwa kuchelewa, hali mvua ilikuwa imefunga barabara na kila mtu alichelewa. Nikamwuliza nesi vipi anavumilia.

"Akinigombeza asubuhi, jioni ataniletea muhogo wa pale ufukweni Mama Ngina," akanijibu. "Hasemi ni wa nini. Najua ni msamaha. Lakini pilipili yake, Fundi! Hata msamaha wa mama huyu unawasha."

Na ni kweli, pilipili ndiyo iliyokuwa anasa yake. Nilimkuta pale Mama Ngina jioni moja, peke yake kwenye ukuta, watu wanapita na watoto wao, naye anakula muhogo wa kukaanga uliojaa pilipili na ndimu, machozi yanamtiririka. Nikashtuka, nikadhani kafiwa.

"Kheri, Daktari?"

"Kheri. Haya ndiyo maumivu pekee niliyoyanunua mwenyewe. Kaa, ule."

Sasa nifike kwa mamangu, maana bila yeye picha hii haina uso.

Mamangu alikuwa na saratani ya titi, na ilipojulikana ilikuwa imeshatembea mpaka mgongoni. Daktari alikuja kwetu na karatasi zake za maswali. Utafiti wake ule wa kwanza ulikuwa ukingoni mwa kwisha. Alikuwa ameshapanda ngazi za nyumba nyingi za mji huu, na kwetu ilikuwa ni moja ya zile za mwisho. Mama aliposikia kuna mgeni alijikalisha kitandani, akavaa leso safi, akaniambia nitie udi.

"Bi Mkubwa, u hali gani?"

"Alhamdulillahi, mwanangu. Wewe hujambo? Nyumbani hawajambo? Kazi je?"

"Sote wazima. Nataka kujua maumivu. Tuseme hakuna kabisa ni sufuri, na yasiyostahimilika ni kumi. Yako ni ngapi?"

"Alhamdulillahi. Twamshukuru Mungu."

"Yaani sufuri?"

"Andika uonavyo, mwanangu. Hujanywa kahawa."

Daktari akaandika sufuri. Akanywa kahawa, akasema "Haya," tukashuka pamoja. Alipofika mlangoni akaukumbuka mwavuli. Viatu alikuwa hajavaa bado, kwa hivyo alipanda bila ya kishindo, nami nyuma yake.

Mama alikuwa amejikunja ubavuni. Pindo la leso lilikuwa baina ya meno yake, analitafuna, jasho linamtoka, na sauti hatoi. Pindo lile nilikuwa nikilipiga upya kila mara. Nilidhani ni panya.

Daktari alikaa chini, sakafuni, karibu na kichwa chake. Mama alipofumbua macho akamwona, akafanya haraka kutaka kuinuka, akaanza, "Alham..."

Daktari akamshika mkono.

"Hiyo ya Mola nimeisikia, Bi Mkubwa, na ni haki yake. Sasa nipe yangu."

Mama alijilaza tena. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayefichua siri ya nyumba, "Ni kama mtu ananipasulia kuni mgongoni."

Daktari alipotoka hakwenda zake. Alikaa barazani kwetu, karatasi mapajani. Mimi nilisimama mlangoni.

"Fundi, nyumba ngapi nimejibiwa Alhamdulillahi?"

"Sijui, Daktari."

"Zote." Akagonga mwavuli chini. "Na kote nimeandika sufuri. Mgeni angekosea hivi tungesema ni mgeni, hajui adabu zetu. Mimi ni mtoto wa hapa. Nikiulizwa hali, jibu langu ni hilo hilo. Nimekwenda kuuliza swali la barabarani nikataka jibu la chumbani."

Utafiti ule aliutupa. Sisemi aliurekebisha, aliutupa wote, na ilikuwa kazi ya miaka. Nilivyosikia, wenzake wa hospitali walikasirika. Walimwambia karatasi zile zina mambo mengine ya kufaa, afute swali lile moja abakishe yaliyobaki, na kwamba akianza upya wagonjwa watazidi kungojea dawa. Huenda walikuwa sawa. Mimi si mtu wa kuhukumu mambo hayo, na hata leo nikiwaza naona walikuwa na hoja. Kazi ya miaka si pindo, ukalifumua ukalipiga tena. Lakini yeye alilifumua. Aliniambia, "Nikiwapelekea wakubwa karatasi zinazosema watu wa Mombasa hawaumwi, watanipa mkono wa heko na dawa watapeleka kwengine."

Basi akaanza kutafuta maswali mapya. Alikaa mabarazani na majikoni mwa watu, akisikiliza jinsi maumivu yanavyomzuia mtu mambo yake. Mwisho wake karatasi mpya haikuuliza hali. Iliuliza: swala ya alfajiri uliswali umesimama, umekaa, au umelala? Nazi ulikuna mwenyewe? Jana ulishuka ngazi? Kwa wagonjwa wa kanisani nesi aliweka lake: wimbo ulipoimbwa, ulisimama? Na swali la mwisho kabisa lilikuwa hili: wageni walipoondoka, ulifanya nini?

Nesi aliniambia swali hili ndilo lililofungua midomo. Watu walikuwa wakilisikia, wanatazama chini, kisha wanaanza kusema. Mwingine alikuwa akiuma mto. Mwingine alikuwa akifungulia bomba la maji ili wanawe wasimsikie.

Dawa yenyewe, iliyotolewa kidogo kwa wagonjwa wa utafiti tu, ilikuwa mofini, ya maji, ya kunywa. Mji wetu umeumizwa na unga wa kulevya, hakuna mtaa usiokuwa na mama anayemlilia kijana wake, kwa hivyo jina la dawa ile liliwatisha watu kuliko saratani. Mama alipoletewa chupa aliitazama kwa jicho la upande.

"Mwanangu, nimekaa mjini humu umri wangu wote sijavuta hata sigara. Leo, uzeeni, wataka kunifanya teja?"

"Teja anakunywa aikimbie nyumba yake, Bi Mkubwa. Wewe utakunywa uirudie yako."

"Na nikianza kuwaibia majirani kuku?"

"Mimi utaniwekea paja."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu, na kicheko kile kilimuuma, nilimwona. Kisha akafungua mdomo kama mtoto, akanyweshwa. Daktari hakuondoka. Alikaa mpaka Mama alipolala, na baada ya siku chache, nesi alipokuja na karatasi, alimkuta Mama jikoni juu ya mbuzi, anakuna nazi na kunisema kwa kutojua kuchagua nazi. Alifariki miezi kadhaa baadaye, mchana, muda mchache baada ya kumsuta msomaji habari wa redio kwa Kiswahili chake. Dawa haikuzuia kifo, na Daktari hakuahidi kukizuia. Alikuja mazikoni, akaketi na wanawake, na alipotoka mwavuli akausahau.

Nisije nikamfanya hakukosea tena. Palikuwa na mzee mmoja, fundi wa kuchonga milango, ambaye wanawe walimficha ugonjwa wake. Hilo kwetu ni la kawaida, mtu hufichwa nyuma ya neno "vidonda vya tumbo" mpaka siku yake. Daktari aliamini kila mtu anastahiki kujua, akaingia, akamwambia yule mzee yote, kwa ukweli na kwa upole, nesi alikuwapo. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwuliza, "Nilikuuliza?" Kisha akaugeukia ukuta, na wanawe wakafunga mlango, na Daktari hakuingia tena nyumba ile.

Siku hiyo alikuja kukaa kwenye kigoda cha wateja wangu. Hakuwa na leso ya kushonwa. Alitafuna iliki baada ya iliki, mimi nikashona, cherehani ikawa ndiyo inayosema peke yake.

"Nimebadilisha maswali yote," akasema mwishowe, "nikasahau moja. Sikumwuliza anataka kujua nini."

Toka hapo, kabla ya kumwambia mgonjwa jambo, alimwuliza: wataka nikwambie mangapi? Wengine walisema yote. Wengine walisema, mwambie mwanangu. Aliyatii majibu yao hata yale asiyoyapenda, na asiloliona yeye zuri lilionekana usoni pake, maana uso wake haukujua kusema uwongo. Au hivyo nilidhani.

Mwaka huu hakupita Biashara Street kwa muda mrefu. Watu wakasema kasafiri. Kisha asubuhi moja nesi wa Buxton akasimama mbele ya cherehani yangu.

"Daktari akuita nyumbani. Uje na sindano na uzi."

Njiani akanieleza. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshafika mbali, na yeye mwenyewe ndiye aliyeijua mwanzo, akaificha.

Nilimkuta kitandani, amekaa wima, meza ndogo mbele yake, imejaa karatasi. Amepungua mpaka miwani inamteleza. Utafiti wa pili ulikuwa umekwisha, sehemu ya mwisho tu ndiyo iliyobaki kuandikwa, na kamati iliyokuwa itaamua kama manesi na dawa watapelekwa majumbani katika mitaa mingine ilikuwa ikiingojea.

"Njoo, Fundi. Kaa. Nipigie pindo hili, limefumuka." Akaivua leso mabegani. Ilikuwa moja ya zile za kumrushia jirani.

"U hali gani, Daktari?"

"Alhamdulillahi," akasema, upesi, macho kwenye karatasi.

Nikaishika leso. Haikufumuka. Pindo lilikuwa limetafunwa, na alama za meno zilikuwa bado na unyevu. Nesi alikuwa dirishani na chupa ya dawa mkononi, chupa imejaa mpaka shingoni.

Mimi ni mpiga pindo. Nilijiuliza mimi ni nani wa kumwuliza mwanamke yule. Lakini nilimkumbuka Mama akiwa amejikunja, na maneno yakatoka.

"Hiyo ya Mola nimeisikia, Daktari. Sasa tupe yetu."

Akanitazama kwa jicho lile lililokuwa likisimamisha tuktuk. "Kazi yako ni kushona."

"Naam. Ndiyo maana najua hili halikufumuka."

Daktari aliitazama chupa mkononi mwa nesi.

"Ile dawa hunitia usingizi," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikilala, nani atamaliza? Nikiacha hii nusu, wale wote wamejibu bure."

Nami niliona ana hoja, siwezi kusema hakuwa nayo. Nesi ndiye aliyejibu.

"Daktari, jana uliandika ukurasa ukaufuta wote. Juzi vivyo hivyo. Kwani huko ndiko kumaliza?" Akavuta kiti, akatoa karatasi kwenye mkoba wake, ile ile ya maswali. "Alfajiri uliswali umesimama, umekaa, au umelala?"

"Wewe! Waniuliza mimi? Nimeitunga mwenyewe hiyo!"

"Basi hutaona tabu kuijibu."

Nilidhani mwavuli utaruka. Daktari aliuangalia pale ukutani, kisha akaitazama mikono yake.

"Nimelala," akasema. "Wala sikumaliza."

"Wageni walipoondoka jana, ulifanya nini?"

Akainyoshea kidevu leso iliyokuwa mapajani mwangu. "Andika. Andika kama ulivyoona, usinipendelee."

Alipokunywa alikunja uso. "Chungu hivi? Na Bi Mkubwa wako aliinywa akicheka!" Kisha akaninyoshea kidole. "Lipige pindo leo hii hii. Ijumaa uje ulitazame. Likiwa limetafunwa, dawa haitoshi, nesi ataongeza. Likiwa zima, tunaendelea."

Nikalipiga pale pale, kwa mkono, yeye akinitazama mpaka kope zikamshinda.

Ijumaa, baada ya swala, nilizipanda zile ngazi. Nesi alikuwa amenieleza mlangoni: siku za mwanzo alilala kweli, akaamka na hasira za kutosha mtaa mzima, kisha usingizi ukapungua. Sasa hashiki kalamu, anasema, nesi anaandika. Katikati ya maneno husinzia, na akiamka huendelea pale pale alipokatia.

Aliniona, akanitupia leso bila ya kunisalimu. Nikalifuata pindo lote kwa kidole, upande hadi upande.

"Zima," nikasema.

"Lete." Akalisogeza karibu na miwani, akalikagua kwa muda. "Zima. Lakini umelipinda." Akajifunika mabega. "Haya."

Kisha akamgeukia nesi. "Tulifika wapi?"

"Pale wageni walipoondoka."

Nikaaga, nikashuka. Katikati ya ngazi nilisimama, nikasikiliza. Juu, sauti yake ilikuwa ikiendelea, neno baada ya neno, na kalamu ya nesi ikimfuata.